Damu ya Mzee

Kwa aliyenikosa wiki jana, nimfupishie, maana aibu hairefushwi.

Nilikuwa kidato cha mwisho. Kwenye mtihani wa majaribio wa kemia, ule wa vitendo, tulipewa vimiminika viwili vilivyoandikwa herufi tu. Tukaambiwa tuvidondoshee dawa, kisha tuandike rangi ya mashapo, yaani ule uji unaotuama chini ya mrija. Darasa zima liliona kimoja kijani na kingine kahawia. Mimi niliona mapacha.

Nikaandika kwa kubahatisha, nikabahatisha vibaya. Mwalimu wa kemia alisoma jibu langu mbele ya wenzangu, akauliza kama nimekuja shule kusoma au kuchekesha watu. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Taa Mbovu, ile taa ya barabarani isiyojua lini magari yasimame na lini yapite.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyenishtukia. Mwanamke yule alikuwa na sauti kavu kama chaki, na alinieleza kwa kifupi. Nipate uthibitisho wa daktari wa macho, wazazi wangu wote wawili watie sahihi maombi, na ofisi ya mitihani itanipa msomaji wa rangi: mtu wa kukaa kando yangu na kunitamkia hii kijani, hii nyekundu. Jibu ningetafuta mwenyewe. Nisipoleta, nafanya kama wenzangu.

"Mtihani ni mmoja kwa wote," alisema. "Ndiyo maana unaitwa wa haki."

Kiatu kimoja kwa miguu yote, na atakayechechemea anaringa.

Nilitaka kuwa mfamasia. Bila kemia chuo hakikupokei, na bila vitendo huna kemia. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakiomba. Sikujua kwamba nina kitu kikubwa zaidi cha kunyang'anywa.

Tulipoishia, mama na mimi tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, na jina langu lilikuwa limeitwa.

*

Daktari alinifungulia kitabu chenye vidoa vidoa.

"Unaona namba gani hapo?"

"Naona dengu."

"Dengu?"

"Zilizomwagika."

Akacheka, akafunua ukurasa mwingine. Dengu. Mwingine. Dengu. Mama alikaa nyuma yangu, kwenye kiti cha ukutani, na yeye namba aliziona zote. Nilimsikia akizitaja kwa pumzi, kama anayemsomea mgonjwa dua.

Daktari akafunga kitabu. Hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia mama.

"Baba yake naye ana tatizo hili?"

Zipu ya mkoba wa mama ilikuwa ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Ikasimama.

"Ndiyo," mama alisema. "Naye haoni."

Nilimtazama mama yangu kama unavyomtazama mtu anayeongea usingizini.

Baba yangu haoni rangi? Baba yangu ndiye Mzee Rangi. Ana gereji ya kupaka magari, na gereji nyingine zikishindwa zinamfuata yeye. Gari likigongwa ubavu, likawekewa mlango mpya, kazi ngumu si kuupaka huo mlango. Kazi ngumu ni kuufanya ufanane na bawa, lile bati la juu ya tairi, lililochakaa kwa jua pembeni yake. Baba huchanganya, hupaka kipande, husubiri kikauke, halafu husimama mbali kidogo, hufumba jicho moja, hutazama mlango, hutazama bawa, hutazama mlango tena. Zikiwa bado hazijakutana husema, "Hawa majirani." Zikikutana husema maneno mawili tu, "Damu moja," na mwenye gari hushusha pumzi. Hajawahi kulisema neno hilo akakosea.

Mtu huyo, ati, haoni.

"Basi hesabu imekaa sawa," daktari alisema, na akaanza kuandika. Hesabu ipi, sikuuliza. Ningeuliza pale, nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Kwenye korido nilimshika mama mkono.

"Mama, kwa nini umemdanganya?"

"Nimefupisha maneno. Daktari ukimwambia hapana atakuletea vipimo vingine, tutalala hapa."

"Na baba atasemaje?"

Akasimama. Akanitengeneza kola ya shati la shule, na kola yangu ilikuwa haina kosa lolote.

"Baba yako asijue," alisema. "Mtu wa rangi kuzaa mtoto asiyeona rangi, utamvunja moyo. Hayo maombi niachie mimi. Nitatafuta siku akiwa na furaha, atatia sahihi bila kusoma."

Nilimwamini. Mama ni mama. Nilimpa kila kitu, karatasi ya daktari na fomu ya maombi, akavitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

*

Nyumbani kwetu mezani tulikuwa wanne. Baba, mama, mimi, na baba mdogo.

Ba'mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja. Alikaa chumba cha uani na kufanya kazi gereji kwa kaka yake, lakini bunduki ya rangi hakushika. Alikuwa wa msasa. Kukwangua, kulainisha, kupitisha kiganja juu ya bodi kutafuta bonde lisiloonekana. Hapo zamani, kabla sijazaliwa, aliachiwa gereji mchana mmoja tu. Gari la mteja lilikuwa rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu nzito inayokaribia weusi. Ba'mdogo akalipaka mlango kijani. Kijani cha mwani. Akamwita mwenye gari aje kuchukua, na akamkabidhi kwa tabasamu.

Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi ya chakula chetu. Baba hakuichoka.

Usiku mmoja baada ya kliniki aliisimulia tena, mikono yake bado ikinuka tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na alipofika pale mteja alipouliza kama huo mlango ni wa gari lake au ni wa duka la mboga, ba'mdogo ndiye aliyecheka kuliko sote. Ndivyo alivyokuwa. Ukimtukana anakusaidia kutafuta neno.

"Wewe cheka," baba alimwambia. "Una bahati msasa hauna rangi."

"Kaka, na mimi nina bahati una moyo," ba'mdogo alijibu.

Mama aliinuka kwenda kuchukua maji. Jagi lilikuwa mezani, limejaa.

Na niwaambie kitu kidogo ambacho wakati ule nilikiona kidogo. Nilipokuwa mtoto nilitumwa nyanya, na nilirudi na mbichi. Kila mara. Mama alinichapa mpaka akachoka. Ba'mdogo ndiye aliyenichukua pembeni, akaniwekea nyanya mbili kiganjani, akaniambia, "Usitazame. Minya. Inayojibu ndiyo imeiva." Tangu siku hiyo sikukosea nyanya. Watu wazima wote walidhani nimekua, nimepata akili. Sisi wawili tulijua ni kidole gumba.

Nilimpenda kwa hilo. Sikujiuliza yeye alifundishwa na nani kuminya.

Kabla ya kulala nilimuuliza mama kuhusu sahihi. Aliniambia tayari, maombi yako shuleni, nisome nilale.

*

Siku ya vitendo nilifika maabara nikiwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilikuwa nimekariri mpaka ukingo wa kitabu. Nilitafuta kwa macho mtu wangu wa rangi, nikidhani ni yule msimamizi kijana aliyekaa karibu na sinki.

Mwalimu Mkuu akaniita mlangoni.

"Kaa namba yako. Unafanya kama wenzako."

"Mwalimu, maombi yangu?"

"Maombi gani? Mama yako aliyaleta asubuhi moja, mchana wake akarudi kuyachukua. Alisema mmeonana na daktari mwingine, kumbe huna tatizo lolote. Alisema ulikuwa unatega."

Nyuma yangu mtu alicheka. Taa Mbovu kategua mtego wake mwenyewe.

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia upofu wa rangi si mafua, mtu haamki asubuhi kapona. Nilimwambia anipe hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anisimamie, anitajie rangi tu, mengine nitafanya mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, nakiri hilo, halafu akatazama saa yake.

"Binti, nikikupa wewe macho, na mwingine ataomba mikono. Kayaseme hayo kwa mama yako. Ingia."

Nikaingia.

Swali la kwanza lilikuwa la kudondosha asidi kwenye kimiminika cha manjano mpaka kigeuke chungwa. Tone moja la ziada umeharibu. Wenzangu walidondosha, wakatikisa, wakasimama, kila mmoja mahali pake, kama watu walioitwa kwa jina. Mimi nilidondosha. Manjano. Nikadondosha. Manjano. Nikaendelea kudondosha mpaka aliyekuwa karibu nami akashindwa kuvumilia, akanong'ona, "Taa Mbovu, umepitiliza zamani." Msimamizi akamkaripia yeye kwa kusema na mimi kwa kusikia.

Swali la pili lilikuwa lile lile. Mirija miwili. Dawa. Mashapo. Andika rangi.

Niwaambie nilichokuwa nakijua. Nilijua kwamba moja kati ya hayo mashapo ni chuma kichanga, na jingine ni chuma kilichokomaa. Nilijua kwamba kile kichanga, ukikiacha wazi, kinaanza kushika kutu juu na kumfuata mwenzake. Nilijua kwa nini, na ningeweza kuuandika mlinganyo wake gizani. Nilijua kila kitu kuhusu yale mashapo isipokuwa sura zao. Na karatasi haikuniuliza ninajua nini. Iliniuliza ninaona nini.

Nilijaribu kunusa. Nilijaribu kuinua mirija kwenye dirisha. Nilifika mahali nikatamani kuyaminya.

Nikaandika wa kushoto kijani, wa kulia kahawia, na yote yaliyofuata nikayajenga juu ya hapo. Nyumba nzuri kweli kweli, juu ya maji.

Nje, wenzangu walikuwa wanalinganisha majibu. Kushoto kahawia, kulia kijani. Wote. Hata yule anayelala darasani. Hata yule ambaye mpaka leo anadhani kemia ni jina la shangazi wa mtu. Walikuwa na macho, na siku ile macho yalitosha.

*

Mama nilimkuta anafua uani. Hakuinua uso.

"Uliyachukua," nilisema.

"Niliyachukua."

"Ukasema ninatega."

"Nilisema."

Niliwaza kwamba atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Mtu anapokubali kosa lake huku anasugua kola ya shati, hakubakizii silaha.

Nilimwambia nimefeli. Nilimwambia ufamasia umekwenda na maji, pamoja na miaka yangu yote ya shule. Nilimuuliza amepata faida gani kunizika. Kama ni baba asivunjike moyo, si angevunjika tu, mbona mioyo ya watu inaungwa. Ni moyo gani huo wa baba ambao ni lazima ulishwe mtoto wake?

Hapo ndipo alipokamua lile shati, akalikung'uta, na kunitazama. Mama yangu alikuwa mwanamke mzuri. Siku ile nilimwona amezeeka, kama mtu aliyevuliwa kilemba mbele ya wageni.

"Mtihani unarudiwa," alisema. "Nyumba hairudiwi."

"Una maana gani?"

"Maana yangu ndiyo hiyo."

"Mama, ina maana gani?"

Akanipiga kofi. Mkono ulikuwa na sabuni, kwa hiyo haukuuma sana. Kilichouma ni kwamba baada ya kunipiga alitazama dirisha la chumba cha uani kwanza, kuona kama mwenyewe yumo, ndipo akanitazama mimi.

Nililiona hilo. Sikujua nimeliona.

*

Baiolojia ilikuwa keshokutwa yake.

Niliingia ukumbini kama mtu anayekwenda kulipia nauli ya basi lililokwisha ondoka. Nilitaka tu nimalize. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: figo, mizizi, minyoo. Nikayajibu. Mkono una adabu kuliko moyo.

Nikafunua ukurasa.

Nitawaandikia swali kama lilivyokuwa, kwa sababu nimeshalisahau jina la Mwalimu Mkuu lakini swali hili sitalisahau.

*Wazazi wawili wana binti mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani. Mama anaona rangi zote. Kwa kutumia mchoro, onesha jinsi binti alivyorithi hali hiyo. Je, baba wa binti huyu anaona rangi hizo? Toa sababu.*

Niliguna peke yangu. Nilidhani kuna mtu amenitania.

Somo hilo tulifundishwa haraka haraka mwishoni mwa muhula, na mfano wa mwalimu ulikuwa damu isiyoganda, na watoto wote kwenye mfano wake walikuwa wa kiume. Nilikariri, nikapita. Sikuwahi kulichukua somo lile nikaliweka kwenye macho yangu mwenyewe. Nani anajisoma kwenye kitabu cha shule?

Nikachora mraba. Mama huku, baba kule. Mama ana jeni moja nzima na moja mbovu, na ile nzima inamfunika, ndiyo maana anaona. Binti anachukua moja kwa mama na moja kwa baba. Ili binti asione, zote mbili ziwe mbovu. Baba ana moja tu ya kutoa. Moja tu, hana ya akiba wala ya kuifunikia. Akiwa na nzima, binti ataona. Binti akiwa haoni, ni kwamba ile moja ya baba ni mbovu, na baba mwenye moja mbovu ni kipofu wa rangi.

Mraba una vyumba vinne. Nilizunguka vyumba vyote vinne nikimtafuta Mzee Rangi. Hakuwemo.

*Baba yake naye ana tatizo hili?* Ndiyo. Naye haoni.

Mama hakumdanganya daktari. Kwenye kliniki ile mama alisema kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kalamu zote zilikuwa zinakwenda. Kushoto kwangu yule anayelala darasani alikuwa anachora mraba wake huku ametoa ulimi pembeni, anajitahidi. Swali lilikuwa moja. Herufi zile zile, alama zile zile, dakika zile zile kwake na kwangu. Kwake lilikuwa swali.

Sababu ilikuwa na alama mbili. Nilifikiri kuliacha. Kisha nikamkumbuka Mwalimu Mkuu na haki yake, nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika:

*Hapana. Baba wa binti huyu haoni rangi hizo. Anayeona si baba yake.*

Sentensi ya mwisho hawakuwa wameiomba. Hiyo niliwapa bure.

*

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda gereji.

Msinicheke. Nilikuwa bado na tumaini. Nilijiambia baba amejificha, kama mimi nilivyojificha. Mtu anaweza kuwa haoni na akaishi kwa kukariri makopo, kwa harufu, kwa akili. Mimi si nilipita miaka yote kwa kidole gumba? Labda Mzee Rangi ni muongo mkubwa kuliko wote, na mimi ni binti wa muongo huyo, damu yake kabisa. Sijawahi kumwombea mtu awe muongo kama nilivyomwombea baba njiani.

Nilimkuta amefunga kitambaa puani, bunduki ya rangi mkononi, kompresa inanguruma. Mbele yake kulikuwa na gari la mteja, nusu limefunikwa magazeti. Ba'mdogo alikuwa kwenye kivuli, amepiga magoti mbele ya boneti la gari jingine, anapiga msasa.

"Mfamasia wangu," baba alisema. Hakuwa amejua bado kuhusu vitendo. "Karatasi ya leo ilikuwaje?"

"Nyepesi."

"Si nilikwambia."

Nikamuuliza, nikicheka kidogo ili ionekane utani, kama katika maisha yake amewahi kukosea rangi. Hata mara moja. Hata kwa siri.

Alishusha kitambaa ili nione uso wake wote.

"Mwanangu, mimi nikikosea rangi, siku hiyo mniite wa msasa."

Ba'mdogo akacheka kule kivulini. Tumaini langu likafa hapo hapo, bila kelele, kama mshumaa uliofunikwa kikombe.

"Hebu nisaidie," baba alisema na kurudisha kitambaa. "Nipe lile kopo la damu ya mzee."

Kwenye benchi la kazi kulikuwa na makopo mawili. Kwa kawaida makopo ya gereji yana maandishi, na maandishi ndiyo yaliyonilea. Lakini haya baba alikuwa ameyachanganya asubuhi ile mwenyewe, kwenye makopo matupu ya maziwa, kila moja na kijiti chake. Hayakuwa na neno. Moja la gari hili, jingine la pikapu iliyokuwa nje.

Nikayatazama. Mapacha wangu. Walinifuata mpaka hapo.

Ningeweza kuuliza ni lipi. Mdomo ulikataa. Nikachukua la karibu, nikampelekea.

Alilipokea bila kutazama, kwa sababu aliniamini. Akainamisha kopo kumimina. Akasita. Akaliinua.

"Hii ni nini?"

"Damu ya mzee."

Macho yake juu ya kitambaa yakacheka. Alidhani ninamfanyia mzaha, na mzaha mzuri haufaidiwi peke yako, kwa hiyo alimgeukia ndugu yake, akainua lile kopo la kijani juu ili alione vizuri.

"Hebu muone huyu anachoniletea," alimwambia. "Mwambie hii ni rangi gani."

Ba'mdogo aliinua kichwa. Akakunja uso kwa sababu ya jua. Alikuwa hajui kinachoendelea, maskini, alikuwa anataka tu kuwa msaada kama kawaida yake.

"Si damu ya mzee hiyo, kaka?"

Baba akazima kompresa.

Sijui kama mmewahi kusikia gereji ikinyamaza. Hata barabara ilionekana kama imesogea mbali. Ba'mdogo alisimama taratibu, karatasi ya msasa mkononi, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa, na kwamba hakuanza kuelewa siku hiyo.

"Kaka," alisema.

Baba alishusha kitambaa. Akarudi nyuma hatua kidogo, kama anavyofanya siku zote kazi ikikauka. Akafumba jicho moja. Akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Akanitazama mimi tena: paji la uso, pua, kidevu, hatua kwa hatua, mlango na bawa.

Nilitaka aseme majirani. Mungu wangu, nilitaka aseme majirani.

"Damu moja," baba alisema.

Aliliweka kopo chini kwa uangalifu, asimwage hata tone. Kisha akatupita sote wawili, akatoka getini na kushika njia ya nyumbani, ambako mama alikuwa peke yake. Siku zote hakuondoka gereji kabla ya kunawa. Siku hiyo aliondoka na mikono yake imelowa mpaka kwenye vifundo.

Msiniulize ilikuwa imelowa rangi gani.